KWA NINI WAMAREKANI WA KWANZA WALILIOGOPA JESHI LAO WENYEWE?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, ukimwuliza mtu yeyote leo akutajie nchi yenye jeshi lenye nguvu nyingi duniani, jibu litamtoka hata kabla hujamaliza swali: Marekani. Manowari zake zimetapakaa baharini, ndege zake za kivita hazihesabiki na askari wake hulipwa mwaka nenda mwaka rudi, pawe na vita pasiwe na vita. Basi utastaajabu nikikuambia kwamba wale waliolianzisha taifa hilo hawakutaka hata kulisikia jambo la namna hiyo. Mnamo Juni 1784, kabla hata mwaka haujaisha tangu mkataba wa amani na Uingereza utiwe sahihi, walilivunjilia mbali jeshi lao wakabakisha askari 80 tu. Naam, themanini! Askari 25 waliachwa kulinda bohari la silaha huko Fort Pitt na 55 kulinda jingine huko West Point. Hakuna afisa aliyeruhusiwa kubaki ambaye cheo chake kilipita kapteni. Ukiwapanga askari hao katika gwaride hapa uwanjani petu, hawafikii hata wanafunzi wa mikondo miwili ya kidato cha kwanza.

Je, watu hao walikuwa wamerukwa na akili? Ama walikuwa waoga wa vita? La hasha! Walikuwa wametoka tu kupigana na dola kubwa kwa miaka minane na wakaishinda. Hawakuogopa kupigana. Walichoogopa ni kitu kingine, na ndicho ninachotaka tukichambue katika makala haya.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Jeshi la kudumu ni jeshi la askari wa kulipwa ambao kazi yao ni uaskari tu, wakati wa vita na wakati wa amani vilevile. Wanaishi kambini, wanakula chakula cha serikali na wanamtii yule anayewalisha. Kinyume chao ni wanamgambo. Mwanamgambo ni mkulima, seremala, mhunzi au mwenye duka, ambaye hukutana na wenzake siku chache kwa mwaka kufanya mazoezi. Hatari ikitokea anaitwa, anapigana, kisha anarudi zake kwa ng'ombe wake. Katika makoloni mengi ya Marekani, sheria ilimtaka kila mwanamume huru wa Kizungu mwenye afya, kuanzia miaka 16 hadi 60, aandikishwe kuwa mwanamgambo. Yaani kwa umri, mimi na wenzangu wengi wa kidato cha tatu tungeitwa, ingawa kwa rangi yetu pengine tungefukuzwa.

Wamarekani wa zamani waliwaza hivi: wanamgambo hawawezi kuwakandamiza wananchi kwa sababu wao wenyewe ndio wananchi. Nani atachoma shamba lake mwenyewe? Lakini askari wa kudumu amekatwa kutoka kwa watu wake. Hana shamba, hana duka, kula yake yatoka kwa mkubwa. Mkubwa akimwambia, "Piga hao!" atapiga. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Adui wa mbali unamwona akija, lakini mlinzi wako akikugeukia, utamkimbilia nani?

Hofu hiyo haikutoka hewani. Watu hao walikuwa wamesoma historia, hasa ya Warumi na ya Waingereza. Walijua kwamba mwaka 49 K.K., Julius Caesar alivuka mto Rubicon akiwa na askari wake na kuelekea Roma, ingawa sheria ilimkataza, na serikali ya jamhuri haikupata nafuu tena. Askari wake walikuwa wamekaa naye vitani miaka mingi, wakampenda yeye kuliko walivyoipenda nchi.

Kisa cha Uingereza kiliwagusa zaidi, kwani huko ndiko wengi wao walikokuwa na asili. Mwaka 1642 vita vilizuka kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge. Mwaka 1645 Bunge likaunda jeshi jipya, lenye nidhamu na mafunzo mazuri, nalo likamshinda mfalme. Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari. Sasa Bunge likataka kulivunja jeshi hilo bila kumaliza kuwalipa askari mishahara yao. Askari wakagoma! Desemba 1648 walisimama mlangoni pa Bunge wakawazuia wabunge wasiowataka wasiingie. Mwezi uliofuata mfalme akakatwa kichwa. Kisha Aprili 1653, kamanda wao Oliver Cromwell akaingia Bungeni na askari akawatimua hata wabunge waliokuwa wamebaki. Kumbe Bunge lilifuga simba wa kumla mfalme, na simba alipommaliza mfalme akaligeukia Bunge.

Baadaye ufalme ulirudishwa. Mfalme James wa Pili naye akakuza jeshi lake na kulipigisha kambi Hounslow Heath, karibu kabisa na London, watu wakahofu kwamba limewekwa pale ili kuwatisha wao. Alipoangushwa, Waingereza waliandika katika Sheria ya Haki ya mwaka 1689 kwamba ni haramu kuweka jeshi nchini wakati wa amani bila idhini ya Bunge. Zingatia sana jambo hili, msomaji: hawakusema jeshi lisiwepo. Walisema lisiwepo bila idhini. Tutalirudia hapo mbele.

Hadithi za vitabuni ni kitu kimoja, na kuyaona kwa macho ni kitu kingine. Vita vya Miaka Saba vilipomalizika mwaka 1763 na Wafaransa wakashindwa, Uingereza iliamua kubakisha askari karibu 10,000 katika makoloni yake ya Marekani Kaskazini. Wakoloni wakaulizana: adui keshashindwa, sasa hawa wote wanamlinda nani dhidi ya nani? Kabla hawajapata jibu, wakaletewa bili. Kodi ya stempu ya mwaka 1765 iliwekwa ili kusaidia kulipia askari hao. Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Makazi ya Askari, iliyoyataka makoloni yawape askari malazi na mahitaji mengine. Wengi hudhani kwamba sheria hiyo iliruhusu askari kuingia tu chumbani mwa mtu na kulala. Sivyo. Ilitaja kambi, nyumba za wageni, vilabu vya pombe, maghala na nyumba zisizokaliwa. Kilichowachoma wakoloni ni kulazimishwa kugharamia jeshi ambalo hawakuliomba, na hawakuwa na mbunge hata mmoja kule London wa kuwasemea. Bunge la koloni la New York lilipokataa kutoa kila kitu kilichodaiwa, Bunge la London lilipitisha sheria mwaka 1767 ya kulinyima mamlaka ya kutunga sheria mpaka litii.

Moto wenyewe uliwaka Boston. Askari wa makoti mekundu walishuka melini tarehe 1 Oktoba 1768 wakaingia mjini kwa ngoma. Boston ulikuwa mji mdogo wa watu takriban 16,000. Hebu fikiria maisha yalivyokuwa. Unatoka kumwona shangazi jioni, askari anakusimamisha barabarani anakuuliza wewe ni nani na unakwenda wapi, katika mji uliozaliwa! Isitoshe, mishahara ya askari ilikuwa kiduchu, kwa hivyo wakiwa hawana zamu walitafuta vibarua na kukubali ujira wa chini kuliko wenyeji. Hapo ndipo uhasama ulipokolea. Tarehe 2 Machi 1770 askari mmoja alikwenda kuomba kazi katika kiwanda cha kusokota kamba, akatukanwa, na ngumi zikafumuka kati ya askari na wafanyakazi.

Siku tatu baadaye, usiku wa tarehe 5 Machi, umati ulimzunguka askari aliyekuwa zamu mbele ya jumba la ushuru. Wakamtupia mabonge ya theluji na vipande vya barafu. Kapteni Thomas Preston akaja na askari wengine kumwokoa. Katika zogo lile bunduki zikalia. Watu watatu wakafa papo hapo na wengine wawili wakafa baadaye kutokana na majeraha. Mmoja wao ni Crispus Attucks, baharia mwenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji asilia wa Marekani, ambaye inaaminika alikuwa ametoroka utumwani. Mara nyingi yeye ndiye hutajwa kuwa wa kwanza kuanguka.

Askari hao walishtakiwa. Wakili aliyewatetea ni John Adams, ambaye alikuwa upande wa wakoloni na baadaye akawa rais wa pili wa Marekani. Kapteni aliachiliwa, askari sita wakaachiliwa, na wawili wakapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakapigwa chapa kwenye kidole gumba. Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kuna funzo ndani yake. Askari wale hawakuwa mashetani, walikuwa vijana maskini wenye baridi na njaa. Wala wenyeji wote hawakuwa malaika, maana nao walirusha barafu. Ubaya ulikuwa katika mpango wenyewe. Ukiwaweka watu wenye bunduki katikati ya mji usiowataka, siku moja damu itamwagika hata kama hakuna aliyepanga. Kwa miaka mingi baadaye, watu wa Boston walikusanyika kila tarehe 5 Machi kusikiliza hotuba kuhusu hatari ya majeshi ya kudumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ndiyo maana Azimio la Uhuru la mwaka 1776, katika orodha ya makosa ya Mfalme George wa Tatu, liliweka pia shtaka kwamba aliweka majeshi kati yao wakati wa amani bila idhini ya mabunge yao, na kwamba aliwapa wanajeshi uwezo juu ya raia.

Hapa sasa mambo yanapata utamu. Watu walioliogopa jeshi walijikuta wanahitaji jeshi! Mkulima ni shujaa akilinda kijiji chake, lakini mwambie atembee majuma matatu kwenda kupigana mbali wakati mahindi yake yanaoza shambani, uone kama hatarudi nyumbani usiku. George Washington, aliyekuwa kamanda mkuu, alilalamika mara nyingi kwa Kongresi, yaani Bunge lao, kwamba wanamgambo hawategemeki. Katika vita vya Camden, Agosti 1780, wanamgambo wengi walipoona singe za Waingereza zinang'aa walizitupa bunduki zao wakatoka mbio, wengine bila kufyatua hata risasi moja. Ukweli lazima usemwe: bila jeshi la kulipwa na bila msaada wa Wafaransa, uhuru ungekuwa ndoto.

Na jeshi hilohilo la ukombozi nusura liwe balaa. Mapema mwaka 1783 vita vilikuwa vinaelekea ukingoni na maafisa kambini Newburgh walikuwa hawajalipwa kwa muda mrefu. Kongresi haikuwa na senti. Barua zisizo na jina zikaanza kuzunguka kambini zikiwachochea maafisa wasikubali kuvunja jeshi mpaka walipwe. Si unaona? Ni Cromwell yuleyule anabisha hodi! Tarehe 15 Machi Washington aliingia mkutanoni mwao bila kutarajiwa akawasihi wasiichafue heshima yao. Alipotaka kuwasomea barua, alitoa miwani mfukoni. Wengi wao hawakuwahi kumwona nayo. Akawaomba radhi, akisema kwamba amezeeka kazini na sasa macho nayo yanafifia. Inasemekana baadhi ya maafisa walilia. Njama ikafa pale pale.

Lakini Juni mwaka huohuo, askari wapatao 400 waliodai mishahara walilizunguka jumba la mikutano mjini Philadelphia wakiwa na bunduki. Wabunge walitoka katikati ya matusi, wakahamia mji wa Princeton. Bunge la nchi likakimbia askari wake lenyewe! Baada ya hapo, tarehe 23 Desemba 1783, Washington alisimama mbele ya Kongresi mjini Annapolis akarudisha madaraka yake ya ukamanda, akaenda nyumbani kulima. Angeweza kujifanya mfalme, hakutaka. Swali likabaki: je, kamanda atakayefuata naye atakuwa mwungwana hivyo? Nchi haiwezi kujengwa juu ya tabia njema ya mtu mmoja.

Kwa hivyo walipokutana Philadelphia mwaka 1787 kuandika katiba, mjadala ulikuwa mkali. Elbridge Gerry wa Massachusetts alipendekeza katiba iseme kwamba wakati wa amani jeshi lisizidi askari elfu mbili au tatu. Husimuliwa kwamba Washington alimnong'oneza jirani yake wapendekeze pia kwamba adui yeyote asiivamie nchi na askari zaidi ya elfu tatu! Sijui kama alisema hivyo kweli, lakini hoja yenyewe ina uzito. Alexander Hamilton naye alieleza kwamba Waingereza wako kaskazini na Wahispania kusini, na huwezi kuwatoa wakulima mashambani kila mwaka wakalinde mipaka. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Upande wa pili, mwandishi wa New York aliyejiita Brutus aliwakumbusha watu habari za Caesar na Cromwell. James Madison akajibu kwa hesabu: jeshi kubwa kabisa ambalo nchi ingeweza kulilisha lisingezidi watu 25,000 au 30,000, na lingekabiliwa na wanamgambo karibu nusu milioni.

Waliamuaje? Hawakukataza jeshi. Walichofanya ni kuigawa funguo. Rais ndiye amiri jeshi mkuu, lakini hana uwezo wa kutangaza vita. Hiyo ni kazi ya Kongresi. Na pesa za kulitunza jeshi la nchi kavu zinatolewa na Kongresi kwa muda usiozidi miaka miwili. Kwa nini miwili? Kwa sababu wabunge wa baraza la wawakilishi huchaguliwa kila baada ya miaka miwili. Maana yake ni kwamba kila bunge jipya lazima liombwe upya: je, mnataka jeshi liendelee kula? Likikataa, jiko linazimwa. La kuchekesha ni kwamba jeshi la majini halikuwekewa mpaka huo. Manowari inaweza kuizingira bandari, lakini haiwezi kutembea barabarani ikalizunguka Bunge. Mwaka 1791 yakaongezwa marekebisho ya katiba, likiwemo la pili, linalozungumzia wanamgambo na haki ya kuwa na silaha, na la tatu, linalokataza askari kulazwa katika nyumba ya mtu wakati wa amani bila ridhaa ya mwenyewe.

Haitakuwa haki nikiwasifu mno watu hao. Uhuru waliouogopea haukuwa wa wote. Katika majimbo ya kusini, wanamgambo haohao waliosifiwa kuwa ngao ya uhuru walitumika kuwazima watumwa walioasi na kusaidia doria za kuwasaka watoro. Na jeshi dogo lilikua kwa sababu ya uroho wa ardhi ya wenyeji asilia. Tarehe 4 Novemba 1791, wapiganaji wa makabila ya Miami, Shawnee na mengineyo waliwaua zaidi ya askari 600 wa Jenerali Arthur St. Clair. Baada ya aibu hiyo Kongresi ilikubali jeshi kubwa zaidi. Hivyo ndivyo hofu ya zamani ilivyoanza kupungua, na baada ya vita vilivyoisha mwaka 1945, jeshi kubwa la kudumu likawa jambo la kawaida.

Je, hofu ile ilikuwa bure? Mimi nasema hapana. Askari wa Marekani wameongezeka kutoka 80 hadi zaidi ya milioni moja, lakini sharti la miaka miwili lingali katika katiba, na mpaka leo Kongresi ndiyo hupitisha pesa za jeshi. Hakuna jenerali aliyewahi kuipindua serikali ya nchi hiyo. Nadhani siri si kwamba askari wao ni wema kuliko wengine. Siri ni kwamba waliotunga katiba hawakutegemea wema wa mtu. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Wamarekani wa kwanza waliliamini jambo hilo kabisa, ndiyo maana wakahakikisha kwamba aliyeshika kisu hashiki pia ufunguo wa ghala.